Mama Matone na Onyo Lisilo Lake

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Matone anazima mashine yake ya kutobolea chuma kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu. Alianza kwa kufagia chenga za chuma. Anaondoka akiwa fundi mkuu mwenye vidole vyote kumi, jambo ambalo hachoki kutukumbusha.

Wengi tulidhani mafuta ya kudondoshea chuma kinapotobolewa ni mafuta tu, mradi yateleze. Yeye alipanga makopo yake rafuni, kila moja na maandishi ya rangi nyeupe: mafuta mazito kwa chuma kisichoshika kutu, mafuta ya taa kwa alumini. Chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu, alikitoboa kikavu, na ole wako ukikimwagia mafuta! Chenga zinageuka tope, na tope hilo utalisafisha wewe. Mumewe analalamika kwamba hata kitunguu cha nyumbani hukaangwa kwa matone ya kuhesabu.

Miaka kumi na miwili iliyopita, mwandishi wa wasifu huu, mgeni mwenye haraka, alitoboa bamba la pampu ya maji ya hospitali. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu. Akatumia mafuta machakavu ya injini, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Chuma kikapata joto kali, kikawa kigumu, biti, ile ncha ya kutobolea, ikakatikia ndani. Bamba lilikuwa moja tu, na meneja wa wakati huo alitaka mtu wa kufukuza.

Mama Matone akasema kosa ni lake, hakuandika kopo. Akapewa barua ya onyo, akarudi mashineni, akakitoa kile kipande cha biti kidogo kidogo hadi jioni. Kesho yake wodi zikapata maji. Yeye akacheleweshewa cheo miaka mitatu.

Kopo lilikuwa na maandishi. Mimi ndiye ambaye sikuyasoma. Mke wangu alikuwa mjamzito, nikaogopa, nikanyamaza. Kila nilipotaka kusema, Mama alinikatiza kwamba yaliyopita si ndwele.

Safari hii sikumtii. Jumatatu nilimwandikia meneja wa sasa ukweli wote. Barua ile ya onyo imeondolewa kwenye jalada lake, na ya kunionya mimi imeingia kwenye langu.

Asante, Mama. Sote tunakuombea afya, furaha na usingizi mtamu wa asubuhi. Unastaafu na jalada safi, kama ulivyostahili siku zote.