Maisha ya Fundi Gervasi Ruhuza na Meza ya Watu Kumi na Wawili

Baba Paroko, wanajumuiya, ndugu na majirani mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Leodgar, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake, nanyi mtanivumilia nikisoma polepole.

Marehemu Gervasi Ruhuza alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 kijijini Mwamgongo, mtoto wa kwanza wa mzee Feliksi na mama Agnesi, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1966, kisha akaletwa mjini kujifunza useremala kwa mafundi wa misheni, na tangu mwaka 1971 alifanya kazi nyumbani kwake hapa Mwanga, akitengeneza milango, vitanda na mabenchi, baadhi yenu mmeyakalia sasa hivi.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na Jovita, binti wa kijiji cha Simbo, Mungu akawajalia watoto watatu, Bariki, Wema na Davis. Leonia, mdogo wake Jovita, aliolewa na Marcel, Mrundi aliyeingia Simbo mwaka 1972 akiwa mtoto, akalima hapo, akazika wazazi wake hapo. Ilipotoka amri mwaka 1997 kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani na vijijini wapelekwe kambini, marehemu aliwaficha kwake Marcel, Leonia na watoto wao wanne.

Pamoja na mama yetu, nyumba ikawa na watu kumi na wawili, wakila kwa zamu, na Marcel na wanawe walikubali tu kula mwisho, wakisema wao ni wageni. Jambo hilo lilimuuma sana marehemu, akasema hatatulia mpaka wote wale chakula pamoja, kwa wakati mmoja, wamekaa. Akaranda mbao za mninga, akaunga ubao mrefu wa juu, akatengeneza farasi mbili, yaani miguu ya mbao ya kuubeba, ili usiku meza ifumuliwe watoto wapate pa kulala. Marcel alipiga msasa chumbani, mlango umefungwa, marehemu akimtania, "Mwanyumba, unasugua kama unapalilia mihogo," naye akimjibu, "Mihogo haina maringo kama meza yako."

Ilikuwa msimu wa mvua, vanishi ikagoma kukauka ndani, na Jumamosi tarehe 8 Novemba jua lilipotoka, marehemu aliutoa ubao uani, kama fundi yeyote angefanya. Jirani mmoja akamwuliza akicheka, "Fundi, kwako mko sita, meza yote hiyo mnalisha kijiji?" Marehemu hakuwa na ulimi wa uongo, hata kwa mteja msumbufu, akajibu, "Ni ya watu wa nyumbani, tuko kumi na wawili."

Kesho yake, sisi tukiwa misani, gari lilikuja. Marcel na wanawe walichukuliwa, na Leonia, mzaliwa wa Simbo, ambaye hakuna aliyemdai aende, alipanda nyuma yao. Tuliporudi vanishi ilikuwa bado inanata. Marehemu aliwatafuta kambini mara nyingi, akaambiwa hawapo, na mpaka leo hatujui walipo. Meza ile hakuna aliyewahi kula juu yake, ubao aliuegemeza ukutani sebuleni, nyumba nzima ikala mkekani. Wengine mlikuja kuiazima kwa harusi, akawakatalia, mkamwita mchoyo.

Mwaka 2001 alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu, akapokea sakramenti ya wagonjwa, na tarehe 3 Machi 2002, saa kumi na moja alfajiri, Mungu alimchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliolichonga jeneza bila kuombwa, na majirani waliotuletea maji na kuni. Aliyepeleka habari siku ile, marehemu alituagiza tusimtaje, nasi tunatii, ingawa mimi bado sijaweza kumwombea.

Tangazo ni moja. Baada ya mazishi chakula kitaliwa mkekani. Meza iliyoko sebuleni mjane anaomba isiguswe, hata kwa kuwekea sahani, kwa sababu ina wenyewe, na hawajafika.

Kaka Gervasi, pumzika sasa kwa amani, ile ambayo hapa mtaani kwetu hukuipata.