Wafuasi Elfu Tisa wa Eunike

Asubuhi ile, ndani ya basi la Loliondo, nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliokuwa ndiyo kwanza wanafahamiana. Eunike, binti kutoka Enguserosambu, huuza bangili za shanga mtandaoni.

"Nina wafuasi elfu tisa, mama. Wanasifia picha, lakini hawanunui."

"Wakikuuliza kitu, unawajibu?" aliuliza Marsela, mkulima wa kahawa wa Ganako.

"Elfu tisa nitawajibu saa ngapi?"

Marsela ana wateja mia na arobaini tu kwenye kundi lake la WhatsApp. Mwaka jana kahawa yake ilinyeshewa, ikaota ukungu. Aliipiga picha, akawaambia haiuziki. "Nililia, nikidhani wameniacha. Wakasubiri mavuno mengine. Waliotoka ni wawili."

Eunike aliinamia simu yake. "Mimi bangili zilikatika kwa wateja watatu. Wakalalamika, nikawabloki."

Nilitazama dirishani, maana sikuwa nimeulizwa.

"Wafungulie, mwanangu."

"Watanitukana mbele ya watu!"

"Watakutukana, ndiyo. Halafu utawatumia nyingine."

"Na wasiponyamaza?"

Basi lilisimama kwenye geti la Ngorongoro. Eunike alimfungulia mteja mmoja, akaandika, "Samahani, dada," akafuta, kisha akaandika tena.