Mama Hali, Aliyebishana na Sauti Yake

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo mchana huu wa Jumapili. Kama redio iko mbali, isogeze. Kama kuna mtu jikoni, mwite. Leo namkumbuka mtu ambaye sauti yake mmeisikia miaka ishirini na sita. Mama Hali amefariki. Amefariki Jumanne, siku ya pili ya sikukuu, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Tumemzika Alhamisi.

Jina lake la kweli mlikuwa hamlijui, na familia imeniomba niache hivyo hivyo. Ninyi wenyewe mlimwita Mama Hali kwa sababu ya hali ya hewa. Ukikutana naye njiani ukamuuliza, "Mama Hali, hali?" alikuwa anajibu, "Ya hewa au ya kwangu? Ya hewa ni nzuri." Halafu anakupita. Alikuwa na mwendo wa haraka, na hakupenda maneno mengi, isipokuwa ya mawingu.

Mama yake mzazi alikuwa dobi. Alifua nguo za watu na kuzianika kwenye kamba sita nyuma ya nyumba. Nguo za watu zikinyeshewa, wasikilizaji, hiyo ni kesi. Basi kazi ya kwanza ya Mama Hali, akiwa na miaka minane, ilikuwa kukaa kwenye ngazi na kuangalia juu. Mdogo wake, ambaye sasa ni kinyozi, alinisimulia hivi: "Dada alikuwa anasema 'anua', mama anaanua. Hata kama jua linawaka. Majirani walikuwa wanamcheka mama kwamba anatawaliwa na mtoto. Baada ya nusu saa wanakimbizana na shuka zao uani."

Akasoma. Akapelekwa chuo. Akarudi, akapewa kituo cha vipimo kule juu kilimani. Mnakijua. Chumba kimoja, mlingoti wa upepo, na kile kisanduku cheupe chenye miguu kama cha kufugia kuku. Kila asubuhi saa tatu alikuwa pale, mvua au jua, anasoma namba na kuziandika kwa penseli, kwa sababu alisema kalamu ya wino inalia ikiloa.

Na jambo moja nataka mlishike, kwa sababu ndilo lililoleta yote. Mlimwamini. Kuna mwaka alisema mvua kubwa itanyesha, watu wakaahirisha harusi mbili, na jua likawaka siku nzima. Mwingine angekaa kimya. Yeye kesho yake alikuja studio, akasema hewani, "Jana niliwadanganya. Nilisoma vibaya. Wenye harusi nisameheni." Tangu siku hiyo, Mama Hali akisema beba mwavuli, mji mzima unabeba mwavuli. Nilikuwa namtania kwamba ana mgawo wake kwa wauza miavuli. Hakucheka hata mara moja.

Sasa niwaambie kilichotokea. Nitakisema polepole, na sitajificha.

Sisi watu wa redio tuna tabia yetu kabla ya sikukuu. Tunaiita kupika. Unapika vipindi vya wiki nzima mapema, unaviweka kwenye kompyuta, vinajiendesha vyenyewe, na watu wanakwenda kwao. Anabaki mtangazaji mmoja wa zamu kupokea simu za salamu. Jumamosi ile tulipika kila kitu. Muziki, hadithi, matangazo. Ikabaki hali ya hewa.

Mama Hali alikataa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akasema, "Hali ya hewa haipikwi, mdogo wangu. Nitakuja kila asubuhi kama kawaida."

Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilijua binti yake wa pekee anakuja na wajukuu wawili, baada ya miaka mitatu. Nikamwambia, "Dada, rekodi tu. Ukae na wajukuu zako. Mambo yakibadilika, piga simu, nitabadilisha palepale." Hayo ni maneno yangu. Nitabadilisha palepale.

Akakaa. Akarekodi. Alisema hivi: "Wiki hii ya sikukuu bahari itakuwa shwari. Upepo hafifu. Mnaokwenda ufukweni, nendeni kwa amani." Na kwa namba za Jumamosi, alikuwa sahihi kabisa.

Jumapili namba zilikuwa nzuri. Jumatatu pia. Jumatatu jioni mgandamizo wa hewa, ambao ukishuka sana ni dalili ya dhoruba, ukaanza kushuka. Si kushuka kwa kutisha, kidogo tu. Binti yake anasema mama aliacha chakula mezani mara mbili kwenda kuchungulia nje, na wajukuu wakamcheka. Jumanne asubuhi saa tatu alipanda kilimani, akafungua kile kisanduku cheupe, akasoma, na hakuamini macho yake. Kwenye daftari lake namba ya siku hiyo imeandikwa mara tatu. Aliisoma mara tatu, ikabaki ileile. Dhoruba ilikuwa inakuja, na ilikuwa siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu.

Akapiga simu studio. Laini ilikuwa na watu. Mnajua wenyewe, siku ya sikukuu kila mtu anataka kumsalimia shangazi yake hewani. Nilikuwa nacheka nanyi. Mmoja aliwasalimia watu kumi na saba, nikamwambia amebakiza kuku tu. Simu yangu ya mkononi niliizima, kwa sababu ndiyo sheria ya studio. Mkuu wa vipindi alikuwa safarini, fundi mitambo alikuwa kwao. Mama Hali akapiga ofisi ya maafa, akapokea mlinzi. Mlinzi akamwambia, "Mama, wakubwa wako likizo. Jaribu wiki ijayo."

Alipiga simu ya studio mara arobaini na moja. Binti yake amezihesabu kwenye simu ya mama, iliyobaki kwa kinyozi. Arobaini na moja, wasikilizaji, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya simu hiyo.

Kila baada ya saa mbili kompyuta ilikuwa inapiga rekodi yake. Saa moja, shwari. Saa tatu, shwari. Saa tano, shwari, nendeni kwa amani. Na watu walikwenda. Binti yake alikwenda na watoto, simu akaiacha nyumbani. Aliniambia, "Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mama. Mama alisema bahari ni shwari."

Kufika saa sita, Mama Hali alikuwa na njia mbili. Studio iko upande wa pili wa mji, na kwa foleni ya sikukuu ni zaidi ya saa nzima. Ufukwe uko chini ya kilima. Na pale ufukweni kuna lile fungu la mchanga mnalolipenda, ambalo maji yakitoka unalifikia kwa miguu. Maji yakirudi, njia ya kutokea ni ileile moja. Akamwita mdogo wake, yule kinyozi, akaacha mteja amenyolewa nusu ya kichwa, wakashuka kwa pikipiki.

Jua lilikuwa linawaka. Hilo ndilo lililomponza. Bahari ilikuwa imetulia, muziki unapigwa, watoto wanaelea na matairi. Kwenye fungu kulikuwa na watu kama mia tatu. Mbali kabisa, anasema kinyozi, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba juu ya maji, na ndege wote walikuwa wamekwisha kuondoka.

Mama Hali akaanza kupiga kelele. Tokeni, tokeni! Watu wakamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Palikuwa na mkodishaji wa viti na miavuli, mwenye redio kubwa na kipaza sauti cha kuitia wateja. Huyu mtu ameniomba mwenyewe niseme. Alimwambia, "Mama, usituharibie sikukuu. Sikiliza." Ilikuwa saa saba kamili. Akaongeza sauti ya redio.

"Wiki hii ya sikukuu bahari itakuwa shwari."

"Umesikia?" akamwambia. "Mama Hali huyo. Wewe na yeye nani anajua?"

"Huyo ni mimi!"

Watu wakavunjika mbavu. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Sasa kama ni wewe, mbona uko ndani ya redio?"

Kinyozi anasema hapo ndipo alipomwona dada yake akiishiwa nguvu, kwa mara ya kwanza maishani. Akashika tama. Akasikiliza sauti yake mwenyewe ikiwaambia watu waende kwa amani, mpaka mwisho. Kisha akamnyang'anya yule bwana kipaza sauti. Hakupiga kelele tena. Alisema taratibu, kama anavyosoma hapa kila siku: "Wasikilizaji wangu, hii ni hali ya hewa. Anayesema kwenye redio ni mimi wa Jumamosi. Mimi wa leo nasema tokeni. Nilisoma, na imebadilika. Nisameheni. Tokeni sasa hivi."

Mkodishaji wa viti anasema hapo ndipo alipoitambua. Sauti ilikuwa ileile. Akazima redio. Akaanza kukunja miavuli, na watu wakiona miavuli inakunjwa wakaanza kukusanya watoto wao.

Lakini kipaza sauti hakikufika kwenye fungu. Akavua viatu, akaingia majini. Maji yalikuwa magotini. Akavuka, akaenda kikundi kwa kikundi, anasema maneno yaleyale. Akamkuta binti yake anawamenyea watoto machungwa. Binti alinisimulia hivi: "Sikubishana. Nilimwona uso. Alinibebesha mtoto mdogo mgongoni, akamshika yule mkubwa mkono, tukavuka mpaka maji yakafika kiunoni kwangu. Halafu akanikabidhi huyo mkubwa, akasema, 'Nenda, usigeuke.' Nikasema, mama, na wewe? Akasema, 'Wale hawajasikia.'"

Akarudi kwenye fungu.

Upepo ulipiga saa nane kasoro. Kinyozi anasema ulikuja wote kwa pamoja, na mchana ukawa giza kama umefunikwa sufuria. Wengi walivuka. Kati ya watu mia tatu, hawakuvuka sita. Yeye ni mmoja wa hao sita. Walimwona mara ya mwisho akiwasukuma vijana wawili wa kiume waliokuwa wanarudi kuchukua spika yao. Hao vijana wako hai.

Na mimi? Studio haina dirisha, wasikilizaji. Kuta zake zimetengenezwa zisipitishe sauti yoyote ya nje. Saa tisa, bahari ikiwa imepanda mpaka barabarani, kompyuta ilipiga rekodi yake tena. Bahari itakuwa shwari. Nendeni kwa amani. Nami nikapokea simu nyingine ya salamu, nikacheka.

Binti yake alinijia Ijumaa, siku moja baada ya maziko. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akaomba aisikie ile rekodi. Nikampigia. Akaisikiliza macho yamefumba. Nikamuuliza, niifute? Akasema, "Usiifute, ni sauti ya mama. Lakini usiipige tena. Na Jumapili ukimkumbuka, usimkumbuke peke yake. Sema na wewe ulifanya nini." Basi nimesema. Nilimwambia Mama Hali arekodi, nikamwahidi nitabadilisha, na alipopiga mara arobaini na moja sikumpokea. Usingizi nimeukosa tangu siku hiyo, na sidai mnionee huruma.

Kwa binti yake na wale watoto wawili, kwa mdogo wake kinyozi, na kwa familia tano nyingine zilizozika wiki hii, redio hii inawapa pole. Mimi binafsi nawaomba radhi. Mola awalaze mahali pema.

Na ninyi mnaonisikiliza, kabla ya kulala leo kila mmoja ajiulize ni jambo gani amelikubali tu kwa sababu lilikuwa kweli Jumamosi. Mwangalieni aliyesimama mbele yenu anapiga kelele. Pengine ndiye mwenyewe.

Sasa, mmekuwa mkisikia mvumo nyuma yangu tangu nianze. Wengine mmenitumia ujumbe kwamba mitambo ina hitilafu. Mitambo ni mizima. Nimefungua mlango wa studio, na mlango wa ukumbi, na mlango wa nje, yote mitatu. Huo mnaousikia ni upepo.

Asubuhi saa tatu nilipanda kilimani na kinyozi. Mwenzake Mama Hali, aliyeshika kazi yake pale kituoni, alifungua kisanduku cheupe, akasoma, akaniita na mimi nisome. Namba ilikuwa imeanza kushuka, kidogo tu, kama ile ya Jumatatu jioni. Ujumbe wake umeniingia sasa hivi: imeshuka chini kuliko ile ya Jumanne, na bado inashuka. Sasa ni saa kumi na dakika sita alasiri, Jumapili. Hii si rekodi. Mlioko ufukweni, mlioko kwenye fungu, najua jua linawaka. Tokeni.