Nakala ya Kwanza Ilikwenda Mnadani

Bwana asifiwe! Mbona mmeitika kama watu waliokunywa uji wa jana? Bwana Yesu asifiwe sana! Haya, hiyo ndiyo amina ya watu wa mavuno. Na kwa Kigogo chetu, mbukwenyi, ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Mama Yona, fundi cherehani, kibanda changu kiko hapa hapa Nzuguni karibu na mashine ya kusaga. Wengi wenu magauni mliyovaa leo nimeyashona mimi. Wengine bado mnanisubiri, na ninawaomba mniwie radhi mbele za Mungu na watu. Lakini leo sikuja kusema habari za nguo. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya kitabu hiki mnachokiona mkononi mwangu.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mfungwa! Si wa pombe, wala si wa waganga. Nilifungwa na kusubiri. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika hadithi, nimekaa pale pale kwenye cherehani kila wateja walipopungua. Ni hadithi ya mjane mmoja wa huku kwetu ambaye mwaka wa ukame anaswaga ng'ombe wa marehemu mumewe, peke yake, kwenda kutafuta malisho Bahi, na mashemeji wanamfuata nyuma wakitaka kumnyang'anya. Nilimpenda yule mjane kama ndugu yangu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, watu wamjue.

Nilipomaliza nikapeleka kwa wachapishaji. Wa kwanza hakunijibu mpaka leo, labda bado anasoma. Wa pili akasema hadithi ni nzuri, ila nigharimie mwenyewe nakala elfu moja. Elfu moja! Nikamwuliza mume wangu, Baba Yona, tutaziweka wapi? Akasema, “Zikija hizo, sisi ndio tutakaolala nje.” Na kwa mchwa wa Dodoma hii, ndugu zangu, mnajua wenyewe nani angekuwa msomaji wangu wa kwanza.

Majirani wakaanza kuniita Mwandishi. “Mwandishi, kitabu kimefika wapi?” Ukienda bombani, Mwandishi. Ukienda gengeni kununua nyanya, Mwandishi. Mwanzoni nilicheka nao, baadaye nikawa nazunguka njia ya nyuma nisikutane na watu.

Katika hali hiyo ndipo nilipoweka nadhiri. Tulikuwa kwenye maombi ya jumuiya, nyumbani kwetu. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote: Bwana, kitabu hiki kikitoka, cha kwanza ni chako, ni malimbuko. Nilikuwa na ujasiri mwingi kwa sababu kichwani nilikuwa nawaza ile elfu. Ukiwa na elfu moja, kimoja ni nini? Baba Yona akaitikia amina moja kubwa, kwa hiyo shahidi akapatikana.

Mwaka ukaenda, mwingine ukaja. Siku moja moyo ulivunjika kabisa. Nilikuwa nataka kukata kola na karatasi ya kukatia vipimo ilikuwa imeisha. Nikatoa kurasa za hadithi yangu, nikazitia mkasi. Nililia, ndugu zangu, na mkasi ukaendelea! Nikasema basi, angalau leo imefaa kitu.

Sasa tazameni Mungu anavyofanya kazi! Gauni lile lilikuwa la Bi Zaituni. Ni mwenzetu Mwislamu, ukoo wao ni watu wa mjini tangu enzi za misafara, naye ana duka la vifaa vya ofisi na mashine za kuchapa. Alikuja kujaribu gauni akaikuta ile kola bado imebanwa kwa pini juu ya karatasi. Mimi nahangaika na pindo chini, yeye juu kimya. Nikajua kola imemkera. Kumbe anasoma! Akaniuliza, “Mama Yona, huyu mjane alimpata yule ng'ombe wake mweupe, au hakumpata? Karatasi imekatwa hapa.”

Nikamwambia mengine yako kwenye kiroba. Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi. Akakaa chini na gauni lake la pini. Nikamweleza yote, na habari ya nakala elfu. Jamani, yule mama alicheka! “Wewe fundi mzima,” akasema, “huwa unashona magauni elfu moja halafu ndiyo unatafuta wenye miili? Si unangoja mtu aje, umpime, umshonee? Vitabu siku hizi ni hivyo hivyo. Hata kimoja kinachapwa.”

Hata kimoja! Ndugu zangu, nilisikia kama mtu amenifungulia dirisha.

Ninamsifu Mungu kwa akili alizowapa wanadamu. Kitabu kizima kinakaa ndani ya kompyuta, hakili nafasi na mchwa hawakioni. Mtu akiweka oda, mashine inachapa kurasa, wanazibandika gundi mgongoni, wanakata kingo, kitabu kinatoka kingali na joto kama mkate. Kosa likionekana unalisahihisha, na kinachofuata kinatoka safi. Ukichapa kimoja kimoja kila kitabu ni ghali zaidi kuliko vikichapwa vingi kwa pamoja, sitawadanganya mbele ya madhabahu. Wala msidhani ni kuandika na kuchapa tu. Bi Zaituni alikataa katakata kuwasha mashine mpaka mwalimu wa Kiswahili asome mswada wote. Mwalimu akaurudisha umejaa kalamu nyekundu, nikanuna siku mbili, halafu nikaona kila alichosema ni kweli. Kwa ajili ya jalada tulipiga picha ya ng'ombe wa jirani, Baba Yona akimshikilia kamba asitoke kwenye picha. Na Bi Zaituni, Mungu ambariki mama yule, alisimamia kazi ile kama anayetayarisha harusi ya binti yake.

Akiba yangu yote ikaishia kwenye maandalizi hayo na nakala moja. Moja tu, ya kutazama kabla ya kuanza kuuza. Nilipoishika niliinusa. Nikalisoma jina langu, nikalisoma tena. Nikaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Baba Yona akanitazama, akasema taratibu, “Jumapili ni mavuno.”

Ndugu zangu, kutoa kimoja katika elfu ni rahisi. Kutoa kimoja katika kimoja ni vita! Nilijiambia Mungu hasomi hadithi, atapokea kuku. Lakini ile amina ya Baba Yona ilikuwa bado inalia masikioni.

Nikakipeleka. Nikakiweka hapa mbele, katikati ya mtama na maboga, nikarudi kukaa. Baada ya ibada, kama ilivyo kawaida yetu, sadaka za vitu zikatoka nje kwa mnada. Mzee wa kanisa akanadi jogoo, akanadi karanga, akafika kwenye kitabu akasita. Hajawahi kunadi kitabu maisha yake yote. Akakigeuzageuza, akasema, “Haya, na hiki nacho kina ng'ombe!” Watu wakacheka. Sasa, mnaijua desturi yetu. Mtu hununua kitu mnadani, kisha kwa upendo akamrudishia aliyekitoa. Mimi nikaenda kusimama mbele kabisa, nionekane vizuri.

Aliyenunua ni Mzee Ndahani, mfugaji wa Bahi, aliyekuwa amekuja kusalimia ndugu zake. Alipandisha dau mpaka wenzake wakanyamaza. Nikamtabasamia. Akakitia kitabu ndani ya koti, akapanda bodaboda kwenda stendi, akarudi zake Bahi. Hata kunitazama hakunitazama!

Niliumia, siwafichi. Nilitimiza nadhiri, lakini kwa kununa. Nikamwambia Mungu, haya, umepata.

Baada ya wiki kadhaa, nikiwa kibandani, nikamwona Mzee Ndahani amesimama mlangoni, fimbo mkononi, uso umekunjamana. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye kile kitabu cha ng'ombe?”

Nikasema ndiye mimi.

“Kitabu chako hakina dawa hata moja!”

Kumbe alidhani ni kitabu cha tiba ya mifugo! Ng'ombe wake walikuwa wanaumwa miguu, akaona jalada, akasema Mungu amenijibu. Akampa mkamwana wake amsomee, maana ndiye msomi wa pale nyumbani. Wakasoma ukurasa wa kwanza wakitafuta dawa, hawakuiona. Wa pili, hawakuiona. Walipofika pale mashemeji wanapoanza kumfuata mjane, hakuna tena aliyekuwa anatafuta dawa. Ikawa kila jioni boma zima linakaa kusikiliza. “Na yule ng'ombe mweupe,” akaniambia, “ulimuua kwa nini? Angekuwa wangu asingekufa.” Ndugu zangu, mzee wa watu alikuwa na machozi machoni! Mfugaji aliyezika ng'ombe wa kweli, anamlilia ng'ombe wangu wa karatasi.

Kisha akasema, “Sasa kaka yangu amekichukua na hataki kukirudisha. Nishonee kingine.”

Nishonee kingine! Hapo ndipo kamba zangu zilipokatika. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mzee na fimbo yake, akashangaa sana. Laiti angenirudishia siku ile mnadani, kitabu kingelala kabatini kwangu, kimefungwa kitenge, mpaka leo. Mungu alimjua mtu wa kumpa, hata kama mtu mwenyewe alikuwa anatafuta dawa ya miguu.

Kutoka Bahi habari zikatembea zenyewe. Leo anakuja mwalimu, kesho mama wa sokoni, keshokutwa wanawake wanaofanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Makutupora. Kila mmoja ninampokea kama ninavyompokea wa gauni, ninaandika oda, ninampigia Bi Zaituni. Bado wananiita Mwandishi, ila siku hizi wanaanza na shikamoo.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye na mswada uvunguni, au kazi yoyote uliyoificha kwa sababu huna uwezo wa kufanya elfu, nakusihi, usiikate kola! Mtumaini Mungu kwa hicho kimoja. Kitoe mkononi. Usimpangie atakayekipokea.

Mtaniuliza, na wewe Mama Yona, nakala yako iko wapi? Sina! Tangu ile ya mavuno sijapata kuwa na yangu, maana kila inayotoka mashineni ina mwenyewe anayeingoja. Hiki nilichoshika ni cha Mama Yunisi, ametoka Makutupora leo asubuhi kukifuata. Nilimwomba aniazime kidogo nishuhudie nacho, akakubali, ila akanionya nisikunje kurasa. Yule pale kwenye benchi la mbele, hajaniondolea macho tangu nilipoanza kusema.

Mama Yunisi, njoo, mama, uchukue kitabu chako.