Kipimo Nilichokikimbia

Ndugu zangu, amani ya Bwana ikae humu ndani, kwenu wa kijiji hiki cha Hewani na kwenu mliovuka mto asubuhi hii. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo sisi wanaume hatulisemi kanisani. Akina mama mtanisamehe. Mke wangu, Mama Komora, amekaa pale mbele, na yeye ndiye aliyeniambia niseme lote nisifiche.

Mwaka ule mpunga ulikubali sana. Nikiwa shambani navuna, homa ikanishika, natetemeka na jua liko utosini. Chini ya kitovu, mpaka katikati ya mapaja, kulikuwa na maumivu mazito. Haja ndogo ikawa inatoka matone matone, inachoma kama pilipili. Wakanilaza kwenye mtumbwi, wakanipeleka zahanati ya Garsen. Dresa, yule mhudumu anayetibu pale, akanipiga sindano siku kadhaa, nikapona, nikarudi kwenye mpunga wangu.

Miezi miwili haikwisha, ikarudi. Sindano tena, nikapona. Ikarudi. Mara nne, ndugu zangu.

Hapo maneno yakaanza. Nilikuwa na kawaida ya kupeleka ndizi soko la Madogo na kukaa huko siku mbili tatu, basi watu wakajijibu wenyewe: huyu ana kisonono. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Baba Komora, huko Madogo unalala kwa nani?"

"Nalala bandani sokoni, na ndizi zangu."

Chakula aliendelea kunipikia, ila anaweka sahani chini na kuondoka. Mimi mzee wa kanisa, nafundisha watu uaminifu, na nyumbani kwangu siaminiki!

Mara ya nne dresa aliniambia, "Mzee, sindano yangu inatuliza tu, haimalizi. Nadhani ugonjwa umejificha kwenye tezi ya kiume, chini ya kibofu. Nenda Mombasa ukapimwe. Daktari ataingiza kidole njia ya nyuma, aibonyeze ile tezi, yatoke majimaji, wayachunguze. Pia watakupiga picha ya figo."

Nikamwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikimbia. Niliona aibu, na nilikuwa na hofu mbaya zaidi: je, wale madaktari wazungu wa Mombasa wakikosea waseme ni kisonono? Nikamwomba Mungu aniponye bila kipimo. Niliomba hivyo wiki nyingi, na kumbe nilikuwa nampangia Mungu mlango wa kupitia.

Ikarudi mara ya tano, na safari hii mkojo ukakaribia kuziba. Mke wangu alikuja akakaa kando ya kitanda changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akasema, "Twende Mombasa wote. Wakitaka kunipima na mimi, wanipime. Lililopo tulijue, kuliko kukaa hivi."

Nikamtazama. Nikasema, "Twende."

Ndugu zangu, wokovu wangu ulianzia hapo, kabla ya dawa yoyote. Tulipanda lori la magunia Garsen, yeye akakaa upande wenye jua ili mimi nipate kivuli.

Hospitalini Mombasa daktari aliniambia niiname. Mimi, ambaye kanisani huinamisha kichwa tu! Lakini haikuchukua hata muda wa kuimba ubeti mmoja. Iliuma kidogo, ikaisha, nikavaa nguo zangu, nikajicheka kwa miezi yote niliyoteseka kwa kuogopa jambo lile.

Tulingoja siku tatu. Daktari akatuita wote wawili. "Figo ni nzima. Kuna vijidudu kwenye tezi, vya aina ile inayokaa matumboni mwa watu wote. Si kisonono. Na sindano uliyokuwa ukipigwa haiviwezi hivi, ndiyo maana vilikuwa vinarudi."

Mke wangu akasema, "Daktari, tafadhali, hilo la katikati lirudie."

"Si kisonono, mama."

Akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia, kumbe anacheka na kulia pamoja. Akanishika mkono mbele ya daktari na akasema, "Nisamehe, baba." Na mimi nikamwomba msamaha, kwa sababu ningekwenda mapema asingebeba mzigo ule.

Nilipewa vidonge vya wiki nyingi, nikavimeza vyote. Sitawadanganya: tangu hapo ugonjwa ulirudi mara moja, kidogo. Siku hiyo hiyo nilikuwa kwa dresa na karatasi ya daktari, nikapewa dawa ileile, ukaisha. Leo nalima, nalala, nakojoa kama kijana, na nyumbani kwangu kuna kicheko. Atukuzwe Mungu aliyeniponya kwa mikono ya watu.

Ndugu yangu mwanamume, unayeumwa mahali usipoweza kupataja, mtumaini yeye na ukubali kutazamwa. Tukitoka hapa nifuate, usiseme neno. Tutakwenda Garsen pamoja, na wewe ukiingia kwa dresa, mimi nitakaa mlangoni nikikuombea.