Nafasi ya Mwalimu Roda kwenye Basi la Unguja

Wasifu wa Mwalimu Roda Kalunde Kitonga (1953–2009), ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Nzilani, Jumamosi tarehe 17 Oktoba 2009, nyumbani kwa marehemu, Kitengela.

Mwalimu Roda Kalunde alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 mjini Kajiado, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa marehemu Mzee Kisilu, kibarua wa reli, na marehemu mama yetu Beth Mbula. Sote tulilelewa katika chumba kimoja cha landi, zile nyumba za vibarua wa reli. Treni ya magadi ilipopita, Roda alitoka nje kuhesabu mabehewa, na siku moja akamuuliza baba yanakwenda wapi. Baba akamjibu kwamba yanakwenda hadi baharini, nchi inakoishia. Tangu siku hiyo alitaka kupaona hapo nchi inapoishia.

Kabla sijaendelea, nina jambo la kusema. Kamati ya mazishi ilinipa rasimu ya wasifu huu ikiwa tayari imechapwa, ikanitaka nisome tu. Ndani yake kulikuwa na mstari uliosema, "Marehemu alipenda kusafiri." Nimeufuta. Nilikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa hapa mjini nikasimama mlangoni mpaka ukafutwa kwenye programu zote za mazishi. Dada yangu hakusafiri. Alisafirisha wengine.

Mwalimu Roda alisoma shule ya msingi hapo Kajiado, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967, kisha akajiunga na sekondari huko Machakos hadi kidato cha nne, mwaka 1971. Mwaka 1972 aliingia chuo cha ualimu. Katika maktaba ya chuo alikuta kitabu kimoja kuukuu kuhusu kisiwa cha Unguja. Kwa kuwa hakikuruhusiwa kutoka maktabani, alinakili ramani yake yote kwa kalamu ya wino, kijiji kwa kijiji. Ramani hiyo ninayo hapa mkononi, na imekunjwa mara nyingi hadi imetoboka katikati.

Alianza kazi Mashuuru mwezi Januari 1974, akahamishiwa Kitengela mwaka 1988, katika shule ambayo sitaitaja kwa sababu basi lake limeegeshwa hapo nje na kila mtu anajua kusoma. Alifundisha jiografia na Kiswahili. Watoto wetu wa huku, ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya bwawa la ng'ombe, aliwafundisha kisiwa kwa kukichora sakafuni kwa chaki, kisha akawatembeza juu yake. Hapa ni mashamba ya karafuu, vuteni pumzi. Hapa ni msitu wa Jozani, nyamazeni, msiwashtue kima punju. Hapa ni Mangapwani, pango walimofichwa watumwa, inamisheni vichwa. Wakifika msikiti wa kale wa Kizimkazi, darasa zima lilivua viatu.

Siku moja mwanafunzi wake Nelson Saning'o, ambaye leo ni dereva wa basi hilo, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na kama maji yote ni ya chumvi, ng'ombe wa huko wanakunywa nini?" Mwalimu Roda hakujifanya anajua. Alimwandikia barua mwalimu mwenzake asiyemjua, katika shule moja ya Unguja, na baada ya miezi miwili jibu likaja. Akalisoma mbele ya darasa: wanakunywa maji ya visima, kama wa kwenu. Darasa lilipiga makofi kana kwamba mvua imenyesha.

Mwaka 1996 aliomba shule ifanye ziara ya Unguja. Alipanga kila kitu yeye: karatasi za mpakani, mahali pa kulala Arusha na Dar es Salaam, boti ya kuvukia, na siku nne za kuzunguka mashamba na magofu ya kisiwa. Kwenye orodha ya kwanza jina lake lilikuwemo. Kwenye orodha ya mwisho halikuwemo, na badala yake palikuwa na jina la mke wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Parmuat. Mwalimu mkuu wa wakati huo, Bwana Ochola, alimwambia, "Madam, wewe ni mtu wa nyumbani. Si utaenda tu next time?"

Ziara ya pili ilikuwa mwaka 1999. Safari hii alipanda basi, akaketi, akateremshwa mbele ya watoto, na mkoba wake ukapitishwa dirishani. Nafasi ilipewa mgeni wa shule.

Ya tatu ilikuwa Agosti 2003. Safari hiyo alijitafutia pasipoti kabisa, asije akaambiwa karatasi hazitoshi. Basi lilitoka hapa naye akiwa ndani. Nilimpungia mkono kwenye steji ya mabasi na nikalia kwa furaha, mimi mjinga. Kajiado akapanda shemeji wa Bwana Parmuat. Walipofika Namanga, mpakani, afisa akahesabu watu na kukuta mmoja amezidi. Bwana Parmuat akasema mgeni wake hawezi kuachwa njiani. Mwalimu Roda akashuka. Aliwapa watoto ramani ndogo alizowachorea, akawaonya wasisahau kuvua viatu Kizimkazi, kisha akarudi Kitengela kwa pikapu ya nyanya. Alipofika kwangu nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akaniambia, "Nzilani, wacha tu. Singeweza kugombana mbele ya watoto wangu."

Hata yeye nilimkasirikia. Miezi miwili sikumtembelea, na miezi hiyo nairudisha leo kwa machozi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni mimi.

Bwana Parmuat na Bwana Ochola, nawaona hapo mstari wa mbele. Asanteni kwa shada la maua. Nimesoma pia salamu zenu za rambirambi, zinazosema shule yenu ilijulikana wilaya nzima kwa ziara zake. Ni kweli. Hamkuandika ni nani aliyezifanya zijulikane. Asante ya punda ni mateke, na ninyi mmengoja hadi kaburi lichimbwe ndipo mlete maua.

Mwalimu Roda alifunga ndoa na marehemu Kitonga, fundi wa mawe, tarehe 17 Desemba 1977 katika kanisa la Mashuuru. Mungu aliwajalia watoto wawili, Roy na Rachel. Kitonga alikuwa mtu wa maneno machache, na alimpenda mkewe kwa mikono yake. Mke alipotamani bahari, yeye alimjengea ukuta mdogo wa mawe mbele ya nyumba, urefu wa kukalia, akamwambia, "Keti hapa, huku ndiko upepo unatoka." Kitonga alifariki mwaka 2001 na kuzikwa Mashuuru, na ndiko tunakompeleka mkewe leo.

Mwaka 2006 Mwalimu Roda alipatikana na ugonjwa wa sukari. Alifundisha hivyo hivyo, akastaafu Machi 2008 akiwa na miaka hamsini na mitano. Hakuna aliyemfanyia hata chai ya kumuaga. Rachel akaamua kumpeleka Unguja yeye mwenyewe, mama na binti tu, Aprili mwaka huu. Mwezi Februari madaktari walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alisema, "Mguu ukipona tutaenda." Mguu haukupona, na Septemba figo zikaanza kushindwa.

Wiki yake ya mwisho Nelson alikuja kumjulia hali. Alipiga magoti kando ya kitanda akauliza, "Mwalimu, nikufanyie nini?"

"Nieleze ile barabara. Baada ya Namanga kuko nini?"

Nelson akaanza kumweleza. Alipofika Arusha, Mwalimu, macho yakiwa yamefumbwa, akamkatiza: "Umeruka Longido." Nelson akarudi nyuma, akaanza upya Namanga, polepole, asiruke mji hata mmoja, hadi wakavuka maji. Mwalimu alilala usingizi kabla hawajafika kwenye mashamba.

Mwalimu Roda alitutoka Jumatano tarehe 7 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, hospitalini, Rachel akiwa amemshika mkono. Pasipoti yake tuliikuta ndani ya Biblia. Nimeipekua ukurasa kwa ukurasa. Haina muhuri hata mmoja.

Ameacha mwanawe Roy na mkewe Jentrix, binti yake Rachel, wajukuu watatu, mimi mdogo wake na ndugu zetu wanne, na watoto mia moja na ishirini waliokiona kisiwa kwa niaba yake.

Sasa tusikilizane. Shule imetoa basi, na mshereheshaji ameniomba niishukuru. Basi hilo litashika barabara ya Namanga, ile ile. Tukifika njia panda litakata kushoto kwenda Mashuuru, na kwa mara nyingine dada yangu hatavuka mpaka. Jeneza litakuwa ndani, na Nelson ndiye atakayeendesha. Jana niliandika orodha ya abiria kwa mkono wangu, na jina la kwanza ni Roda Kalunde Kitonga. Nimeibandika mlangoni tangu asubuhi. Nimesimama hapo nikingoja mheshimiwa yeyote aje aniambie ana mgeni, aombe jina hilo lifutwe.

Leo hajaja hata mmoja.

Pumzika, Mwalimu wetu. Kwenye nafasi hii hakuna atakayekuteremsha.