Duka la Mabaki: Risala ya Wafagiaji wa Kiwanda cha Mabegi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda chetu cha mabegi ya shule na masanduku ya safari. Wakuu wa idara mlioketi mbele. Mafundi wa cherehani, wakataji, wapakiaji na madereva. Na wewe mlinzi wa geti unayesikilizia dirishani ukijifanya unapunga hewa: pokeeni salamu za wafagiaji.

KARIBU MGENI, WENYEJI TUPONE

Mheshimiwa, tumefurahi mno, na hatutaficha. Katika kiwanda hiki mgeni hupelekwa kuona mashine mpya, kisha hupelekwa kula, na sisi hupita nyuma yake na ufagio. Leo kwa mara ya kwanza amekuja mgeni kutazama kile kinachoanguka chini ya mashine. Ukumbi huu tumeufagia mara mbili. Ukiona vumbi popote, ni la watu wa uhasibu, wao ndio waliingia mwisho.

Hereni ulizovalishwa mapokezi hazifanani. Tumemwona katibu wako akizikodolea macho kwa wasiwasi. Atulie. Moja ni jani la kijani la ngozi bandia, nyingine ni ua la meno ya zipu, na ndivyo tulivyokusudia. Tutaeleza mbele.

Tuko hapa sote isipokuwa mmoja. Mwanzilishi wetu, tunayemwita Mama Zipu, hayumo ukumbini. Haumwi, wala hakusafiri. Yuko nje ya geti, amesimama barabarani, kwa sababu kiwanda kilimpiga marufuku kuingia. Rasimu ya risala hii ilipopitia ofisi ya utumishi, habari zake zote zilikatwa kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ieleweke kwamba kila panapotajwa Mama Zipu, msomaji hasomi, anasema kutoka kichwani. Kichwa chake hakikupitia utumishi.

TULIKOTOKA

Zamani tulifagia kama watu wote wanavyofagia. Kila kitu rundo moja, rundo kwenye kiroba, kiroba kwenye mkokoteni, mkokoteni jalalani. Siku moja Mama Zipu, aliyekuwa mfagiaji wa chini ya meza za wakataji, alisimama katikati ya vumbi akasema, "Jamani, mbona tunatupa rangi?" Tulidhani joto limempanda kichwani. Kesho yake alifagia vipande vyekundu peke yake, akavifunga. Akarudi akafagia vya bluu. Msimamizi akamuuliza, "Wewe, unafanya kazi au unacheza?"

"Vyote viwili," akajibu. "Wewe nilipe ile kazi tu, mchezo ni wangu."

Tangu hapo tunafagia kwa rangi. Akiajiriwa mfagiaji mpya hatumuulizi kwanza anatoka wapi, tunamuuliza atachukua rangi gani. Ndiyo maana hapa tunao Dada Njano na Bibi Zambarau, na kaka mmoja aliyepewa kijivu kwa sababu alichelewa kufika. Ananung'unika hadi leo. Sakafu nayo inatoka safi kuliko zamani, maana inapitiwa mara nyingi, na hilo hata msimamizi amelikubali, ingawa kwa sauti ya chini.

Mapumziko ya mchana Mama Zipu alikaa nyuma ya stoo na koleo la kuazima kwa fundi mitambo, akachukua zipu zilizokataliwa, zile zenye meno mapengo, akazikunja zikawa bangili. Ya kwanza aliivaa mwenyewe. Ya pili alimfanyia binti yake. Jioni getini, kwenye upekuzi, ile ya pili ikakutwa kwenye mfuko wa aproni. Uongozi wa wakati ule haukujiuliza zipu hiyo ingekwenda wapi kama isingekuwa mfukoni. Ingekwenda jalalani. Meneja alisema, "Leo zipu, kesho mashine," na Mama Zipu akafukuzwa kazi kwa wizi, akaambiwa asikanyage tena ndani ya geti. Alitoka amevaa bangili yake ya kwanza, maana hakuna aliyejua kwamba nayo ilikuwa zipu.

Mlinzi aliyempekua ndiye huyu huyu wa dirishani. Alituomba sana tusimtie kwenye risala. Pole kaka, umeshaingia. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alifuata amri. Na mkewe ni mteja wetu, tena hakopi.

Waliomfukuza walidhani wamemaliza kazi. Mama Zipu alikuwa na baraza pana mbele ya nyumba yake, na sisi tulikuwa na viroba. Vilitoka getini juu ya mkokoteni kwa ruhusa kamili, kila rangi imefungwa mbali, na mwenye mkokoteni akavishusha barazani badala ya kuvisukuma hadi jalalani. Alifurahi kupunguziwa mlima. Sisi tukitoka kazini tulipitia pale. Alitufundisha kukata, kutoboa, kukunja na kushona kwa mkono. Ukikosea alikuwa hakugombezi. Alikuwa anakipachika kile kibaya ulichotengeneza sikioni kwako na kukuambia utembee nacho hadi nyumbani.

Kosa kubwa kuliko yote tulilifanya pamoja. Binti wa msimamizi wa upakiaji alikuwa anaolewa, akaagiza hereni za majani ya kijani kwa wasindikizaji wake wote. Tukakata kwa bidii, jani juu ya jani. Asubuhi ya harusi tukazipanga mezani, tukaona majani yote yanaelekea upande mmoja. Ngozi bandia ina uso mmoja tu, Mheshimiwa. Ukiligeuza jani ili litazamane na mwenzake, unaonyesha watu mgongo mweupe wenye nyuzi. Hatukuwa na jani hata moja la sikio la pili. Bibi Zambarau akaanza kulia. Dada Njano akapendekeza tuhame mtaa.

Mama Zipu akamwaga mezani kikapu cha maua ya zipu. "Sikio hili jani, sikio lile ua," akasema. "Na akiuliza mtu, mwambieni ndiyo mtindo wenyewe. Tena mseme kwa dharau kidogo, kama mnamshangaa."

Tukasema kwa dharau kidogo. Kabla sherehe haijaisha, wageni walikuwa wanawafuata wasindikizaji hadi msalani kuuliza zinauzwa wapi.

TULICHOVUNA

Tangu harusi ile tunauza hereni moja moja. Hatuuzi jozi. Unachagua hii na ile, zifanane au zisifanane, na moja haizidi bei ya soda. Msichana wa shule mwenye chenji kidogo ananunua moja leo, nyingine akijaliwa. Marafiki wawili hununua mbili, kisha kila mmoja akavaa moja ya mwenzake. Wakikosana hurudishiana, wakipatana tunawaona tena barazani. Mume wa mwenzetu mmoja alimwona mkewe na hereni mbili tofauti, akaamini kapoteza, akakimbia kumnunulia nyingine. Mkewe hakumsahihisha, na sisi tulimshauri asimsahihishe.

Watu wakaanza kutuletea hereni zao zilizofiwa na mwenzi. Mtu huja na hereni moja ya dhahabu ya marehemu mama yake, ambayo haikuvaliwa tangu ya pili ipotee. Tunaitafutia mwenza kwenye viroba vyetu, na hereni ile inatoka kwenye boksi inarudi harusini. Wapo waliotokwa na machozi mbele ya kioo chetu. Hilo hatukulitarajia kwenye kazi ya takataka.

Kutoka hereni tukaingia kwenye vibanio vya nywele vya bitana ya masanduku, mikanda ya kamba za mabegi, mikufu ya vichwa vya zipu, na vikoba vya sarafu vilivyoungwa vipande vya rangi zote. Kizuri chajiuza. Kwenye maonyesho ya biashara ya mwaka jana, wateja wa kiwanda waliacha kutazama masanduku wakawa wanatazama masikio ya dada wa mapokezi. Ndipo uongozi mpya, yaani wewe Mheshimiwa, ulipouliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: "Nani anatengeneza hivi?" Ukajibiwa, "Wafagiaji." Tumeambiwa ulicheka, kisha ukaagiza tupewe duka.

Duka lenyewe limekamilika. Lina rafu, lina kioo kirefu, na lina taa inayomfanya kila mtu apendeze. Mafundi wa cherehani waliotuita "mabinti wa jalala" wameshaweka oda za sikukuu. Tumewaandikia bei ile ile ya watu wote, ingawa vidole vilitaka kuongeza. Usione vyaelea, vimeundwa. Leo tunatembea vifua mbele, na tunaomba tusilaumiwe kwa hilo hadi wiki iishe.

YANAYOTUSUMBUA

Chumba tulichopewa cha kutengenezea hakina dirisha. Tukifungua gundi, baada ya muda tunacheka bila sababu, na msimamizi anafikiri tunamcheka yeye. Tumeliripoti, tumeahidiwa feni.

La pili ndilo zito. Katika duka hilo kuna kabati la kioo, na katikati ya kabati, juu ya kitambaa cheusi, kuna bangili ya zipu yenye nembo ya kiwanda na kibandiko cha bei. Ni nzuri, inang'aa, na ndiyo inayoulizwa zaidi. Ni mkunjo ule ule uliokutwa kwenye mfuko wa aproni. Getini iliitwa kielelezo cha wizi. Kabatini inaitwa ubunifu wa kiwanda. Mheshimiwa, jambo hili linatuuma. Tunaingia hapa kila asubuhi tukimpita barazani, anatupungia mkono, anatuuliza viroba vya leo vina rangi gani. Aliyetufundisha kazi hii hajawahi kuiona rafu hata moja ya duka lililozaliwa mikononi mwake.

OMBI LETU

Tuna ombi moja tu. Wakataji walitusihi tupenyeze na nyongeza ya mshahara humu humu. Tumewaambia hiyo ina risala yake, na wajiandae kuisoma wenyewe.

Hatujaja kumwombea Mama Zipu msamaha. Tulipomwambia kwamba tutamwombea, alitufukuza barazani na viroba vyetu. "Msamaha anaombewa mkosaji," alisema. "Mimi niombeeni mlango."

Basi tunaomba mlango.

Duka letu limejengwa ukutani na lina milango miwili, mmoja unaingilia uani kwetu, mwingine unatazama barabara. Ratiba uliyopewa inasema utakata utepe kwenye mlango wa uani. Ratiba hiyo ilichapwa kabla wafagiaji hatujakaa kikao. Utepe tumeufunga mlango wa barabarani. Ni vipande vya rangi zote za kiwanda hiki, na kila mfagiaji ameshona cha kwake, hadi yule wa kijivu. Ili uukate, itabidi utoke getini, ufuate ukuta kidogo. Mama Zipu haruhusiwi kuingia. Lakini wewe, Mheshimiwa, hakuna aliyekukataza kutoka.

Utamkuta amesimama pale. Ni mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya begi, na mkasi atakaokukabidhi ni wake. Hatakuhutubia. Mbele ya wakubwa huwa anatazama kwanza wamevaa nini. Akinyoosha mkono kukuwekea sawa hereni, usishtuke, ndiyo heshima yake.

Ukishaukata, mlango ule utafunguka. Unaingia dukani, na duka linaingia kiwandani. Sisi tutakuwa tumejipanga upande huu tukisubiri. Utakuwa umetoka peke yako. Tunaomba mrudi wawili.

Tulimuuliza mlinzi atafanya nini akimwona Mama Zipu akiingia ameshikwa mkono na Mkurugenzi Mkuu. Alisema, "Nitaangalia upande mwingine." Halafu akavua kofia, akasema, "Hapana. Siku hiyo nitaangalia."

Mwenyezi Mungu akujalie afya na macho ya kuendelea kutazama chini. Mabegi yenu yanunuliwe, mabaki yake yasituishie, na kila mkono uliofanya kazi humu uonekane mchana kweupe. Asante kwa kutusikiliza. Mheshimiwa, geti liko wazi.

Ni sisi,
UFAGIO WA RANGI
tulio ukumbini, na aliye barabarani.